Tetemeko la 1906: kwa nini San Francisco iliungua na Bukoba haikuungua

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtu wa Bukoba, sasa naishi San Francisco. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya zamani ya mbao, ghorofa tatu, maeneo ya Mission, na chini yake ni gereji za magari. Tetemeko la Septemba 2016 lilinikuta nyumbani, ukuta wa jirani ukaanguka mbele ya macho yangu, lakini sikuona moto popote. Huku kila mtu ananiambia mwaka 1906 mji huu uliangamizwa na moto, tetemeko lenyewe lilikuwa dogo tu. Mwenzangu mmoja anasema wanajeshi ndio waliouchoma kwa baruti. Mwingine anasema watu walijichomea wenyewe ili walipwe bima. Ukweli ni upi? Na likitokea tena nifanye nini: nikimbilie mlangoni, nifunge gesi, nitoke nje? Mama kila akisikia California anataka nirudi nyumbani."

JIBU:

Marahaba. Pole kwa yaliyokukuta 2016, na pole na wenzako hao, maana kila mmoja amekupa kipande cha ukweli akakiuza kama kizima. Naona chini ya maswali yako yote kuna moja linalokusumbua kweli: kama mji mzima uliweza kuungua siku tatu huku wazimamoto wakiwa na mipira mitupu mikononi, wewe unayelala juu ya gereji utaponea wapi? Mimi ni mhandisi wa majengo, si mwanahistoria, lakini mwaka 1906 ni somo ambalo hakuna mtu wa fani yetu asiyelipitia, na mengi ya kukusaidia leo yamo ndani ya yaliyotokea siku zile. Nivumilie nianzie huko.

Hili la "tetemeko lilikuwa dogo" tuliondoe kwanza. Jumatano ya tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, ardhi ilipasuka kwenye ufa wa San Andreas kwa urefu unaokaribia kilomita 480, kuanzia San Juan Bautista upande wa kusini hadi pwani ya Cape Mendocino kaskazini. Ni zaidi ya safari ya barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Karibu na Point Reyes barabara ilikatika na kipande chake kikasogea pembeni kama mita sita. Ukubwa wake unakadiriwa kuwa 7.9. La Bukoba, la Septemba 10, 2016, lilikuwa 5.9. Ukiangalia namba utaona tofauti ya mbili tu, lakini kipimo hiki hakihesabiwi hivyo: kila hatua moja, nguvu inayotoka huongezeka takriban mara 32, na kwa hatua mbili ni kama mara 1,000. Kuta za jengo la halmashauri ya mji, lililokuwa limejengwa kwa zaidi ya miaka 20, ziliporomoka saa kadhaa kabla moto haujalifikia. Kwa hiyo anayekuambia tetemeko lilikuwa dogo anarudia maneno yaliyotungwa na watu wenye sababu zao, na nitakuambia ni akina nani.

Sasa Bukoba. Kule tetemeko lilipiga alasiri, saa 9 na nusu hivi, wali umeshaliwa na majiko mengi yamepoa. Nyumba nyingi ni za tofali au udongo na bati juu, zina nafasi kati yao, na hakuna bomba la gesi linalopita chini ya mitaa. Kilichoua watu wasiopungua 17 ni kuta: tofali zilizopangwa bila nondo wala mkanda wa zege wa kuzishika pamoja. Ukuta ukianguka unaua, lakini hauwaki. Ili mji uungue baada ya tetemeko, moto lazima uanze mahali pengi kwa wakati mmoja, ukute vitu vya kuunguza vimepangana bila pengo, na maji yawe yamekatika. Bukoba haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo kwa kiwango cha kutisha. San Francisco ilikuwa navyo vyote.

Na usidhani hakuna aliyeona. Miezi sita tu kabla, mwezi Oktoba 1905, umoja wa kampuni za bima za moto nchini Marekani ulitoa ripoti juu ya mji huo. Majengo tisa kati ya kumi yalikuwa ya mbao, yamebanana juu ya vilima vyenye upepo wa bahari. Ripoti ikasema kwa kejeli kavu ya watu wa bima kwamba San Francisco imevunja desturi zote za biashara yao kwa kutoungua mpaka wakati huo, na kwamba sifa hiyo iende kwa kikosi cha zimamoto ambacho hakiwezi kuendelea kuuokoa milele.

Alfajiri ile dohani za matofali zilivunjika kote mjini. Majiko ya makaa ya mawe yalipinduka, taa za mafuta zikaanguka, mabomba ya gesi yakakatika, nyaya za umeme zikadondoka. Mioto ipatayo 50 iliripotiwa siku ya kwanza. Lakini ule ninaotaka uukumbuke haukuanza alfajiri. Ulianza kama saa 4 asubuhi, mtaa wa Hayes, karibu na kona ya Gough. Mama mmoja, tetemeko limepita, nyumba bado imesimama, aliwasha jiko awapikie watu wake kifungua kinywa. Hakujua kwamba dohani yake imepasuka ndani ya ukuta. Moto ukapanda kwenye mbao, na kwa kuwa maji hayakuwepo, ukateremka na upepo ukamaliza jengo la halmashauri pamoja na ukumbi mkubwa wa Mechanics' Pavilion, ambao ulikuwa umegeuzwa hospitali ya dharura. Majeruhi mamia walihamishwa haraka haraka kabla paa halijashika. Mpaka leo wenyeji wanauita moto wa nyama na mayai.

Maji ndiyo kiini cha habari nzima. Kampuni binafsi ya Spring Valley ndiyo iliyokuwa ikiuuzia mji maji, ikiyatoa kwenye mabwawa ya kusini. Mabwawa hayakupasuka. Fikiria hilo: ufa umepita jirani kabisa, na kuta za mabwawa zikashika, maji yamejaa tele. Kilichokatika ni mabomba makubwa ya kuyaleta mjini, pale yalipovuka ufa na pale yalipopita kwenye madimbwi na matope. Ndani ya mji nako kulikuwa na maji kwenye matangi ya vilimani, lakini mabomba ya mitaani yalivunjika mahali kama 300, hasa kwenye ardhi ya kujazia, na zaidi ya viunganisho 20,000 vya kuingilia majumbani vikanyofoka. Kila nyumba iliyolala ilikuwa imeacha bomba wazi. Mzimamoto akifungua haidranti, yale mabomba ya barabarani ya kuchotea maji ya kuzimia moto, anapata matone kidogo, halafu hewa. Presha yote ilikuwa inamwagika chini ya vifusi.

Na aliyejua la kufanya hakuwepo. Mkuu wa zimamoto, Dennis Sullivan, alikuwa amelala kwenye kituo chake mtaa wa Bush. Dohani ya hoteli ya jirani ilivunjika, ikatoboa paa la kituo, naye akaanguka nayo. Alikufa siku nne baadaye. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akipigania kwa miaka mji ujengewe mabomba ya maji ya bahari kwa ajili ya moto, na ambaye alitaka watu wafundishwe namna ya kutumia baruti kuvunja nyumba ili moto ukose pa kupita. Hela hazikutoka.

Hapo ndipo mwenzako wa kwanza anapata nusu yake ya ukweli. Jenerali Frederick Funston aliteremsha askari kutoka kambi ya Presidio bila hata sheria ya kijeshi kutangazwa, na baruti zikaanza kulipuliwa na watu wasiozoea kazi hiyo mijini. Nia ilikuwa kufungua uwazi mbele ya moto. Ila baruti nyeusi, tofauti na baruti kali ya migodini, haipasui tu. Inaungua na kurusha vipande vinavyowaka hadi nyumba ya pili. Aidha, nyumba ya mbao iliyosambaratishwa inageuka kuni zilizokwisha kupasuliwa. Mahali kadhaa walilipua karibu mno na moto, mahali pengine wakaanzisha moto mpya. Upande wa pili wa mizani: kwenye barabara ya Van Ness, yenye upana wa mita 38 hivi, moto ulizuiwa kuelekea magharibi, na milipuko ilikuwa sehemu ya kazi hiyo, ingawa mimi naamini upana wa barabara ulifanya zaidi. Askari waliongeza madhara, ndiyo, lakini mji ulikuwa tayari unawaka kabla hawajafungua pipa la kwanza.

Kosa jingine la siku zile linanihuzunisha kuliko baruti. Meya Eugene Schmitz alitoa tangazo la kuruhusu waporaji wapigwe risasi, na watu wengi wakafukuzwa majumbani mwao kwa mtutu wa bunduki, wakiwemo waliokuwa na ndoo na magunia mabichi na uwezo wa kuokoa mtaa wao. Pale waliporuhusiwa kubaki, au walipokataa kutoka, nyumba zilipona. Jengo la serikali la kutengenezea sarafu, mtaa wa Tano, liliokolewa na wafanyakazi wake wenyewe kwa kuwa lilikuwa na kisima ndani ya ua. Ufukwe wa bandari ulipona kwa sababu mabaharia walivuta maji ya bahari usiku na mchana. Na wewe unakaa Mission, basi siku ukipata nafasi panda hadi kona ya mtaa wa 20 na Church. Haidranti iliyopo hapo ilikuwa karibu ya pekee iliyotoa maji eneo lile. Farasi walikuwa wamechoka hawawezi tena kilima, watu wakaikokota mashine ya zimamoto kwa mikono, na sehemu kubwa ya mtaa unakolala wewe ikasalimika. Kila tarehe 18 Aprili alfajiri watu hukusanyika kuipaka rangi ya dhahabu.

Siku tatu zilipokwisha, kilomita za mraba kama 12 zilikuwa majivu, majengo yapatayo 28,000 yameondoka, na katika wakazi wapatao 400,000, zaidi ya nusu hawakuwa na makazi.

Habari ya bima ni ya kweli pia, kwa sehemu. Mikataba mingi ilifidia moto, haikufidia tetemeko, na mingine ilikuwa na kifungu kilichosema nyumba ikianguka kabla ya kuungua, bima imekufa hapo hapo. Sasa wewe una nyumba iliyopasuka katikati, bima ya moto ipo mfukoni, na moto uko mtaa wa pili. Ofisa mmoja wa jeshi aliandika kwamba mzimamoto alimweleza waziwazi: watu wa mtaa ule walikuwa wakizitia moto nyumba zao kwa sababu wameambiwa bila kuungua hawalipwi. Ilitokea. Haikuunguza mji mzima. Kampuni za bima hatimaye zililipa zaidi ya dola milioni 200, nyingine zikafilisika, nyingine, zikiwemo za Ulaya, zikakataa kata kata. Cuthbert Heath wa soko la bima la Lloyd's, London, yeye anakumbukwa kwa kuagiza wateja wote walipwe kikamilifu bila kujali maandishi ya mkataba, na jina la Lloyd's nchini Marekani limekula faida ya agizo hilo mpaka leo.

Hapo utaona kwa nini neno "moto" lilipendwa. Mwenye nyumba alilihitaji ili alipwe. Mfanyabiashara alilihitaji ili mtaji urudi, kwa sababu moto unaweza kuukuta mji wowote, Chicago iliungua 1871 ikajengwa upya, lakini nani aweke fedha mahali ambapo ardhi yenyewe haitulii? Kampuni ya reli ya Southern Pacific, iliyokuwa na ardhi na tiketi za kuuza, ilisukuma maelezo hayo hayo. Idadi rasmi ya waliokufa nayo ikabaki chini ya 500 kwa miongo mingi, hadi mtunza nyaraka wa mji, Gladys Hansen, alipoanza kukusanya majina mmoja mmoja na kufikia makadirio ya zaidi ya 3,000. Wachina, wapangaji wa vyumba vya bei rahisi kusini mwa mtaa wa Market, watu wasio na ndugu wa kuwaulizia: hao ndio walioachwa nje ya hesabu. Jiolojia ilikwenda njia yake. Tume ya Andrew Lawson ilipima ufa wote na kuchapisha ripoti 1908, na kutokana na vipimo hivyo Harry Fielding Reid akaeleza 1910 jinsi miamba inavyojikunja taratibu kwa miaka mingi kisha kuachia ghafla. Ndilo elezo tunalofundishia mpaka sasa.

Umeniuliza juu ya tetemeko na moto, lakini acha niseme kidogo waliishije baadaye, kwa sababu linahusu siku zako za kwanza likitokea jingine. Ilipigwa marufuku kuwasha moto ndani hadi dohani ikaguliwe. Kwa hiyo mji mzima, tajiri na maskini, ulipika barabarani: jiko limetolewa nje, limewekwa pembeni ya barabara, limezungushiwa milango ya zamani na mabati kukinga upepo. Watu wakayabandika majiko hayo mabango ya utani, moja likisema tule, tunywe, tufurahi, maana kesho huenda tukalazimika kuhamia Oakland. Mahema yalijaa Golden Gate Park na Presidio. Kabla ya baridi kufika, mafundi wa chama cha maseremala walianza kujenga vijumba vya mbao, 5,610 kwa jumla, vikapakwa rangi ya kijani vifanane na bustani. Mpangaji alilipa dola mbili kwa mwezi kuelekea bei ya dola 50, na kambi zilipofungwa akakibeba kijumba chake juu ya gari la farasi hadi kiwanja chake. Vichache bado vinakaliwa.

Wachina walikaribia kufukuzwa katikati ya mji. Wakubwa walitaka kuwapeleka Hunters Point, mbali na viwanja vya thamani. Wakakataa, wakiungwa mkono na ubalozi wa China na wakiukumbusha mji kodi na biashara wanazoleta, wakajenga pale pale. Na kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa viliungua pamoja na ofisi za mji, wanaume wengi wa Kichina waliapa kwamba wamezaliwa San Francisco, wakapata uraia ambao sheria ya 1882 iliwanyima, na wakaweza kuita watoto, wa damu na wa karatasi, yaani waliokuwa wao kwenye maandishi tu.

Tuje kwako. Baada ya 1906 mji ulitekeleza wazo la marehemu Sullivan: mfumo wa pili wa maji kwa ajili ya moto tu, uliokamilika 1913, wenye tangi kubwa juu ya Twin Peaks, pampu za maji ya bahari, na visima vya zege chini ya makutano ya barabara. Ukiona duara kubwa la matofali limechorwa katikati ya njia panda, chini yake kuna maji. Sheria za kujenga kwa kuhesabu tetemeko zilichelewa zaidi. Jimbo lilianza kulazimisha baada ya tetemeko la Long Beach la 1933. Halafu likaja la tarehe 17 Oktoba 1989, ukubwa 6.9, na mtaa wa Marina ukaonyesha mambo mawili yanayokuhusu. Ardhi yake ni ya kujazia, ikageuka uji. Na nyumba zilizoanguka zilikuwa na sura ya nyumba yako: ghorofa za mbao juu, gereji chini. Moto ukazuka, baadhi ya mabomba ya mfumo ule wa pili nayo yakavunjika, na boti ya zimamoto iitwayo Phoenix ikaokoa mtaa kwa kusukuma maji ya bahari.

Udhaifu wa nyumba ya namna hiyo ni rahisi kuuelewa. Ghorofa za juu zina kuta nyingi za vyumba zinazoshikana. Chini kuna milango mipana ya magari na nguzo chache. Ardhi ikienda kushoto na kulia, sehemu ya juu inataka kwenda kama boksi zima, ya chini haina ukuta wa kuizuia, nguzo zinalala. Mwaka 2013 San Francisco iliamuru nyumba za mbao zilizojengwa kabla ya 1978, zenye ghorofa tatu au zaidi na nyumba tano au zaidi za kupanga, ziimarishwe, na nyingi zimeshafanyiwa kazi. Teremka gereji utazame: ukiona fremu nene za chuma kuzunguka milango, au mbao mpya za plaiwudi zilizopigiliwa misumari kwa karibu sana ukutani, kuna kilichofanyika. Macho yako hayatoshi hata hivyo. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi, au uliza idara ya ukaguzi wa majengo ya mji kwa anwani yako, watakuambia. Jengo lenye nyumba za kupanga chini ya tano haliguswi na amri hiyo, na hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Angalia pia kiwanja. Sehemu za Mission zilikuwa kijito na dimbwi lililojazwa. Mwaka 1906 hoteli ya Valencia, ghorofa nne, ilizama na kukunjika pale pale mtaa wa Valencia. Waliokuwa juu walitoka dirishani wakakanyaga barabara, wa chini walinaswa na mabomba yaliyopasuka yakawamwagia maji. Ramani za ardhi inayoweza kugeuka uji hutolewa na idara ya jiolojia ya California, bure.

Wakati wa mtikisiko usikimbilie mlangoni. Ushauri huo ulitoka enzi za nyumba za udongo, ambako fremu ya mlango ndiyo ilikuwa mbao pekee. Kwenye nyumba yako mlango hauna nguvu kuliko ukuta, na utakubamiza vidole. Shuka chini, ingia chini ya meza imara, shika mguu wa meza mpaka itulie. Usikimbie nje: majeruhi wengi hupatikana ngazini na mlangoni kwenye vioo, vigae na matofali ya dohani yanayodondoka. Bukoba, ndani ya nyumba ya tofali bila nondo, ukiwa hatua mbili kutoka mlango ulio wazi na uwanja mbele, kutoka haraka kuna maana. Huku sivyo.

Ikitulia, vaa viatu kabla ya kukanyaga chochote. Zima jiko. Kuhusu gesi watu hukosea pande zote mbili. Usiifunge kwa mazoea. Ifunge ukinusa harufu, ukisikia mluzi, au ukiona mita inazunguka na hakuna kinachotumika. Vali iko karibu na mita: kwa spana izungushe robo mzunguko mpaka kibapa kikae kukingama na bomba. Ukishaifunga usiifungue mwenyewe. Ni kazi ya fundi wa kampuni ya gesi, na baada ya tetemeko kubwa unaweza kumngoja siku nyingi. Ndiyo maana usifunge bila sababu. Usiwashe mshumaa wala kiberiti, tumia tochi. Ukiondoka nyumbani zima swichi kuu ya umeme: huko Kobe, Januari 1995, mioto kadhaa ilianza umeme uliporudi kwenye nyumba zilizoachwa. Na yule mama wa mtaa wa Hayes usimsahau, ingawa jiko lako ni la gesi au umeme: mambo yakionekana salama, kagua kwanza ndipo upike. Mtungi wa maji ya boiler nao uwe umefungwa ukutani kwa mikanda ya chuma. Sheria ya California inadai hivyo, mwenye nyumba hana pa kujitetea.

Moto ukianza na kizimamoto cha mkono hakitoshi, toka mapema, elekea penye uwazi na upepo nyuma yako. Tokyo mwaka 1923, tetemeko lilipiga adhuhuri majiko yakiwaka chakula cha mchana, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa moto wakiwa wamekusanyika na mizigo yao mahali walipodhani pako wazi. Acha mizigo.

Kuhusu bima, kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Kwa sheria ya California, bima ya kawaida ya moto hufidia moto unaofuata tetemeko. Mtikisiko wenyewe haufidiwi. Huo una bima yake ya ziada, ambayo kampuni hulazimika kukupa nafasi ya kuinunua. Bima ya nyumba ni ya mwenye nyumba, haigusi kitanda chako wala kompyuta yako. Kwa mpangaji mwenye vitu vichache, bima ya kawaida ya mpangaji naiona ina thamani ya bei yake. Ile ya tetemeko pima mwenyewe, tazama kiasi unachobeba kabla hawajaanza kulipa, na kaa na wakala akusomee kifungu kwa kifungu kabla hujasaini.

Mama umweleze kwamba hata yeye anaishi kwenye nchi inayotikisika, kandokando ya Bonde la Ufa la magharibi. Nyumba yake ikikarabatiwa, mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote na paa lililofungwa kwenye mkanda huo vitamsaidia kuliko wewe kurudi. Mhandisi wa halmashauri aitazame kwa macho kabla fundi hajaanza.

Nawe kuna nyakati ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukiona nguzo ya gereji imeinama, milango haifungi ghafla, au nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha zinapanuka, ita mhandisi mwenye leseni, usimngoje mwenye nyumba aamue. Baada ya tetemeko wakaguzi hubandika karatasi mlangoni: nyekundu usiingie hata kuchukua pasipoti, njano ingia kwa masharti yaliyoandikwa, kijani imekaguliwa. Mtikisiko mpya ukija baada ya kijani, omba ukaguzi tena. Ukinusa gesi, toka kwanza, piga simu ukiwa mbali. Usingizi ukikukataa kwa wiki kadhaa kila lori likipita, muone daktari au mshauri wa saikolojia. Waliopitia tetemeko moja mara nyingi hubeba hofu yake hadi mji wa pili, na inatibika. Kikosi cha zimamoto cha San Francisco hutoa mafunzo ya bure kwa wakazi, yanaitwa NERT, yalianza baada ya 1989. Watakushikisha spana yenyewe na kizimamoto chenyewe. Nenda na huyo mwenzako wa baruti.